Vipuri vya meli ya mfano ya mbao: uagize, uchonge, umimine au uchapishe?

Seti ya meli ya mfano iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu ni nadra kukufikia ikiwa kamili. Michoro ipo, mkuku (uti wa chini wa meli) upo, mataruma (mbavu zake) yapo, lakini mfuko wa gofia, yaani kapi ndogo za kupitishia kamba, umetoboka, mbao mbili za ubavu zimeliwa na wadudu, na nanga haionekani. Hata seti mpya, iliyofungwa kiwandani, huweza kutoka na kipande kilichopasuka. Hapo ndipo mjenzi anapokwama: nimwandikie mtengenezaji, nichonge mwenyewe, nimimine rezini (plastiki ya majimaji inayoganda), au nimpelekee mtu mwenye printa ya 3D?

Nitazilinganisha njia hizi nikiwa na meli moja mezani, Bluenose. Hii ni skuna, yaani meli ya matanga, ya Kanada iliyojengwa Lunenburg, Nova Scotia, mwaka 1921. Ilivua samaki, ikashinda mashindano ya kasi, ikaishia kwenye miamba ya Haiti mwaka 1946. Wakanada wanaipenda kiasi kwamba skuna hiyo imekuwa kwenye sarafu yao ya senti 10 tangu mwaka 1937. Viwanda kadhaa vimeuza seti zake, na Model Shipways ya Marekani inaiuza kwa skeli ya 1:64. Kwa skeli hiyo, meli iliyokuwa na urefu wa mita 43.6 inakuwa karibu sentimita 68 na inakaa vizuri juu ya kabati. Nimeichagua kwa sababu ina karibu kila aina ya kipuri kinachoweza kukusumbua: gofia nyingi, pete za mlingoti, mashua ndogo zilizopangwa juu ya sitaha, na vipande vya chuma.

Sina njia moja ninayoitetea kwa kila kitu. Ninachokitetea ni kukiuliza kila kipande maswali mawili kabla ya kutoa pesa. Kwanza, kitapakwa rangi au kitabaki mbao tupu? Pili, vinatakiwa vingapi vinavyofanana? Majibu ya maswali hayo huamua karibu kila kitu kinachofuata.

Vipimo kwanza

Kwa skeli ya 1:64, kila kipimo cha meli halisi unakigawa kwa 64. Gofia ya inchi 12, yaani sentimita 30 na nusu, inakuwa milimita 4.8. Ubao wa sitaha wenye upana wa sentimita 10 unakuwa milimita 1.6. Mashua ya futi 15 inakuwa milimita 71. Ukigeuza hesabu, nusu milimita uliyoizidisha kwenye kipuri ni sentimita 3 na zaidi za meli halisi, na jicho linaiona hata kwa mtu ambaye hajui meli.

Kama kipuri kimechorwa kwenye karatasi za seti kwa ukubwa wake kamili, chukua kipimo hapo moja kwa moja. Usichukue kwenye fotokopi kabla hujaweka rula juu ya mstari wa vipimo uliochapwa pembeni, kwa sababu mashine nyingi hupunguza au kuongeza ukubwa kidogo bila kukuambia. Kama kipuri hakikuchorwa, tafuta mwenzake aliyebaki ndani ya boksi na umpime kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene). Hapo ndipo thamani ya kipande kimoja kizima inapoonekana: gofia moja iliyosalia ni kielelezo cha zote zilizopotea.

Kuchonga mwenyewe

Njia hii ni ya zamani kuliko seti zenyewe. Wafungwa wa Kifaransa walioshikwa na Waingereza katika vita vya kati ya 1793 na 1815, wengi wao kwenye kambi kama Norman Cross karibu na Peterborough, walijenga meli za mfano kwa mifupa ya nyama waliyopewa kula. Walisafisha mfupa, wakaupasua vibanzi, wakautoboa na kuufunga kwa pini, na kazi zao leo zimo kwenye majumba ya makumbusho. Huwa nakumbuka kazi hizo kila ninaposikia mtu akisema hawezi kuendelea kwa sababu hana mbao ya boksi, mti mdogo mgumu uitwao kwa Kiingereza boxwood, kutoka Ulaya.

Sifa inayotafutwa kwenye mbao ya vipuri vidogo ni nyuzi laini na zilizobana. Mbao ya boksi inasifiwa Ulaya kwa hilo tu. Kwetu watu hukimbilia mninga au mvule kwa sababu ni mbao za heshima, na kwa milango na makabati ni kweli. Kwa gofia ya milimita 4.8 hazifai. Vitundu vyake vya asili vinaonekana kwa macho, na kitundu cha milimita 0.3 kwenye meli ya 1:64 ni sawa na shimo la karibu sentimita 2 kwenye gofia halisi. Kipande kinaonekana kama kimeliwa na mchwa.

Badala yake tafuta mpera. Kila aliyekulia mahali penye mipera anajua panda la manati hutoka huko, kwa sababu tawi lake ni gumu na halivunjiki ovyo. Ndani, mbao yake ni laini, ya rangi ya udongo hafifu, na inakubali tundu jembamba bila kutoa manyoya. Mlimau na mchungwa nayo ni mizuri, ya rangi ya njano iliyopauka, inakaribiana sana na boksi. Mpodo ni mwepesi zaidi na unanyooka vizuri, kwa hiyo hufaa mbao za sitaha na vijiti virefu. Mpingo uweke akiba kwa kazi maalumu nitakayoitaja baadaye.

Tawi bichi lisichongwe. Lipasue katikati kwa urefu, paka gundi au rangi kwenye vichwa vyote viwili ili maji yasitoke upesi kupitia hapo, kisha liweke kivulini penye hewa kwa miezi kadhaa. Tawi lililoachwa zima, bila kupasuliwa, mara nyingi hupasuka lenyewe kutoka kwenye kiini, na ufa huo hupita katikati ya kila kipande ulichotarajia.

Sasa gofia. Kosa la kawaida ni kukata vipande vidogo kwanza kisha kuanza kuvichonga kimoja kimoja. Vidole havishiki kitu cha ukubwa wa punje ya mchele. Fanya kinyume chake: toa ufito mmoja mrefu ambao upana na unene wake ni ule wa gofia, nyuzi zikienda kwa urefu. Weka alama za mipaka ya kila gofia. Kwa tupa ya pembe tatu, chimba mfereji mwembamba kuzunguka kila moja, mahali kamba itakapokaa. Toboa matundu mawili ya milimita 0.7 kwa kila gofia, kisha kwa ncha ya sindano kwangua mfereji kati ya tundu moja na jingine, ionekane kama roda, yaani gurudumu dogo la kupitishia kamba, iko ndani. Viringa kona zake kwa tupa ingali kwenye ufito. Ukimaliza yote hayo ndipo unapokata, moja baada ya nyingine.

Zikishakatwa, chukua kopo dogo lenye mfuniko, libandike msasa laini ndani pande zote, zitie gofia zote humo, na ulizungushe polepole kwa drili ya umeme. Zinagongana na kusuguana hadi kona zote zinalainika kwa kiasi kimoja. Zitoe na kuzitazama kila baada ya muda mfupi, maana zikikaa mno mfereji wa kamba hufutika. Kopo hilo hilo linafufua gofia za kiwandani, ambazo seti nyingi huzileta zikiwa za pembe pembe kama vibiriti.

Misumari ya drili ya chini ya milimita moja haipatikani kwenye duka la kawaida la vifaa vya ujenzi. Waulize wanaowauzia masonara vifaa vyao. Huko kuna misumari midogo, kishikio chake cha kuzungusha kwa vidole, misumeno myembamba kama uzi na tupa ndogo za kila umbo.

Pete za mlingoti ndizo zinazonifurahisha kuliko kipuri chochote. Kwenye skuna, tanga hushikwa na mlingoti kwa pete nyingi za mbao zinazopanda na kushuka. Seti ikizipoteza, usifikirie kutoboa mbao na kukata duara. Pete hiyo itavunjika penye nyuzi fupi. Piga randa iliyonolewa kwenye ubao wa mpodo, upate maranda marefu yaliyo sawa, membamba kama karatasi. Yaloweke kwenye maji moto yalegee. Tafuta chuma cha duara kinene kidogo kuliko mlingoti, kipake nta ya mshumaa, kisha vingirisha randa hilo mizunguko mitatu huku ukipaka gundi nyeupe ya seremala kati ya mzunguko na mzunguko. Lifunge kwa uzi, liache likauke kabisa. Unabaki na bomba la mbao. Kwa wembe mkali, ukilizungusha likiwa bado kwenye chuma chake, kata pete za milimita moja moja. Nyuzi zinazunguka duara lote, kwa hiyo pete ni nyepesi na haivunjiki, na ni pete iliyotengenezwa kwa jinsi ileile ya pete halisi, mbao iliyokunjwa. Hakuna mashine itakayokupa kitu kinacholingana na hicho.

Udhaifu wa kuchonga ni muda, na tofauti ndogo kati ya kipande na kipande. Kwa gofia tofauti hizo hazidhuru. Kwa vitu vinavyopangwa safu moja, kama nguzo ndogo za ukingo wa sitaha, jicho hukamata mara moja kile kilichonenepa.

Kuagiza kiwandani, au kununua vifaa vya jumla

Watengenezaji wengi wana utaratibu wa kutuma kipande kilichokosekana. Wanachotaka ni namba ya seti iliyo kwenye boksi, namba ya kipande kwenye orodha, na mara nyingi picha ya kilichovunjika. Ziangalie namba hizo mara mbili, kwa sababu seti moja huweza kubadilishwa mpangilio wake miaka inavyopita huku jina likibaki lile lile, na taruma la toleo jipya lisiingie kwenye mkuku wa toleo la zamani.

Gharama kubwa kwa mtu aliye Tanga au Mombasa ni usafirishaji na ushuru. Kipande chenyewe huwa na bei ndogo. Nauli ya kifurushi cha kipande kimoja haitofautiani sana na ya vipande kumi. Kwa hiyo usiandike siku ile ile uliyogundua upungufu wa kwanza. Fungua kila mfuko, hesabu kila kitu kwa orodha, kisha andika mara moja. Kama una ndugu anayekuja kutoka nje, kifurushi cha gofia na nanga hakizidi uzito wa barua.

Kuna vitu ambavyo ningeagiza bila kusita. Cha kwanza ni michoro. Bila michoro njia nyingine zote zinakuwa za kubahatisha. Cha pili ni bamba jembamba la shaba ya njano lenye vipande vilivyokatwa kwa tindikali, kwa sababu kazi hiyo nyumbani inahitaji kemikali za hatari. Cha tatu ni maandishi ya jina la meli yaliyochapwa tayari.

Kama seti imekwisha kuachwa kutengenezwa, bado kuna vifaa vya jumla: Amati ya Italia na wengine huuza mifuko ya gofia, vibao vya duara vya matundu matatu na minyororo kwa ukubwa wa milimita, bila kujali ni meli gani. Hapo unarudi kwenye hesabu ya 64 na kuchagua ukubwa ulio karibu zaidi. Ukikosa wenyewe, chukua ulio mdogo kidogo. Kipuri kilichozidi ukubwa huifanya meli nzima ionekane ya kuchezea watoto.

Kumimina rezini au bati

Kumimina kuna maana pale unapokuwa na kipande kimoja kizuri na unataka vingi vinavyofanana nacho, na vyote vitapakwa rangi. Unatengeneza chungu cha silikoni, yaani kalibu laini kama mpira, kuzunguka kipande, nusu moja kwanza, unapaka vaselini juu yake ili nusu ya pili isigandamane nayo, kisha unamimina nusu ya pili. Baada ya hapo chungu hicho kinazaa nakala nyingi hadi kichoke. Kumbuka kwamba kinanakili kila kitu: mkwaruzo, alama ya kidole, kijipovu. Kipande cha kwanza kinastahili kazi kubwa kuliko nakala zote zikiwekwa pamoja.

Kwa watu wa pwani kuna jambo la kuangalia. Rezini ya poliuretani, ile inayoganda kwa dakika chache, haipendi unyevu. Hewa yetu ya masika ikiingia kwenye kopo lake, rezini hutoka na mapovu kama mkate. Rezini ya epoksi, ile wanayoitumia mafundi wa meza, huganda polepole lakini huvumilia zaidi. Kwa pwani ningechagua epoksi na subira.

Kwa vipande vya chuma, hasa nanga, kuna njia ya masonara ambayo pwani ina malighafi yake bure. Ule mfupa mweupe mwepesi wa dome (jamii ya ngisi) unaookotwa ufukweni hukatwa vipande viwili, nyuso zake zikasuguliwa zikae sawa, kisha kielelezo cha mbao hukandamizwa katikati yake hadi kiache umbo. Unachimba njia ya kumiminia kutoka juu na vijia vidogo vya hewa, unafunga vipande viwili kwa waya, unamimina bati lililoyeyuka. Bati safi huyeyuka kwa nyuzi 232 za Selsiasi, joto ambalo jiko la kawaida hulifikia. Mfupa lazima uwe mkavu kabisa, kwa sababu unyevu ukikutana na bati la moto hugeuka mvuke ghafla na kurusha chuma usoni. Vaa miwani, vaa viatu vilivyofunika vidole, na watoto wawe mbali. Nakala hutoka na mistari ya mfupa juu yake. Kwenye nanga mistari hiyo husuguliwa kwa tupa bila shida.

Usitumie risasi za nyavu, yaani vile vipande vya madini ya risasi vinavyotia uzito nyavu za uvuvi. Ninajua zinapatikana kirahisi na zinayeyuka vizuri, lakini moshi na vumbi lake ni sumu, na kwenye meli ya mfano zina ubaya mwingine. Mbao na gundi hutoa mvuke wa asidi kidogo kidogo, na meli ikifungiwa kwenye kabati la kioo mvuke huo hukosa pa kutokea. Risasi iliyomo ndani huoza polepole ikawa unga mweupe. Majumba ya makumbusho yamepoteza vipande vya meli za mfano kwa namna hiyo. Ukiona nanga au mizinga ya seti ya zamani imeota unga mweupe, itoe, usiipulize, na utengeneze nyingine kwa bati.

Kuchapa kwa printa ya 3D

Hapa lazima utenganishe printa mbili ambazo watu huziita kwa jina moja. Ile inayoyeyusha uzi wa plastiki hutoa uzi wake kupitia tundu ambalo kwa kawaida lina upana wa milimita 0.4. Ukiiambia ichape gofia ya milimita 4.8 yenye matundu ya milimita 0.7, inakupa tone la plastiki. Ile ya rezini, inayogandisha kwa mwanga tabaka la milimita 0.05 baada ya tabaka, inachapa gofia hiyo na roda yake ikaonekana. Kama unampelekea mtu kazi, hilo ndilo swali la kwanza kumuuliza. Nairobi kuna karakana za teknolojia hii, zikiwemo Fablab ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Gearbox, na katika miji mingine mikubwa ya kwetu hukosi kijana mwenye printa yake.

Nguvu ya printa ni umbo gumu na idadi. Gurudumu la usukani lenye mikono minane, winchi yenye meno, vifungio vya kamba vinavyofanana kabisa: hivyo kuvichonga ni mateso, kuvichapa ni usiku mmoja. Na kama kipande kimepotea na hakina mwenzake, faili huchorwa kutoka kwenye picha na vipimo, jambo ambalo chungu cha silikoni hakiwezi.

Udhaifu wake una sura mbili. Plastiki haifanani na mbao, na rangi ya kuiga mbao haimdanganyi mtu aliyesimama karibu. La pili ni joto na uzito. Plastiki ya PLA, uzi wa kawaida wa printa za uzi, hulegea ikikaribia nyuzi 60, na gari lililofungwa juani mchana linaweza kufika huko. Rezini ikipigwa jua hugeuka njano na kuwa kavu ya kuvunjika, na kijiti chembamba cha rezini kinachovutwa na kamba hupinda taratibu hadi kamba zote zinalegea. Kwa hiyo foromali (mti unaoshikilia tanga) ya kuchapwa siikubali hata ikiwa ya bure. Na rezini ambayo haijagandishwa kabisa inawasha ngozi. Ishikwe kwa glavu, chumba kiwe na hewa, na maji ya kuoshea vipande yasimwagwe kwenye mfereji.

Kipuri kwa kipuri

Mbao za ubavu wa Bluenose ndipo watu wengi wanapopoteza pesa bure. Skuna hii ilipakwa rangi: nyeusi juu ya maji, nyekundu ya shaba chini yake. Ukishapiga msasa, ukaziba nyufa na kupaka rangi, hakuna atakayejua kama ubao wa kumi na mbili ulitoka Amerika au kwa seremala wa jirani. Tumia mbao yoyote laini inayopinda. Tofauti ni kwa meli ambayo ubavu wake unaachwa wazi; hapo ubao mmoja mgeni huonekana milele, na ama uagize ule ule, ama ubadilishe safu nzima pande zote mbili. Vinia (ubao mwembamba kama karatasi nene) ya mtiki ni mbadala mzuri wa tabaka la pili kwa meli kama hizo. Usimwombe seremala apasue mbao za milimita moja kwa msumeno wa meza: meno ya msumeno hula milimita mbili au zaidi kila yanapopita, kwa hiyo unanunua vumbi. Mbao nyembamba hukatwa kwa wembe na rula ya chuma kutoka kwenye vinia.

Sitaha haipakwi rangi. Huko chonga, na utoe mbao zote kwenye kipande kimoja cha mpodo ili rangi ifanane.

Taruma lililovunjika huungwa. Lililopotea, kama michoro hailionyeshi, huchorwa kwa kuangalia jirani zake: weka taruma la mbele na la nyuma juu ya karatasi moja, mstari wa katikati ukikutana, chora mistari yote miwili, kisha pitisha wa tatu kati yake. Likate kubwa kidogo kwa plaiwudi, lisimamishe mahali pake, na upitishe ufito mrefu juu ya mataruma matano sita. Ufito ukikaa bila kupanda wala kuzama, umepata. Kwa omo (mbele) na tezi (nyuma), ambako umbo hubadilika haraka, njia hii haitoshi, agiza.

Mlingoti chonga. Vijiti vya duara vya dukani vingi vimekatwa bila kufuata nyuzi, na hupinda vikikaa. Anza na mti wa mraba wenye nyuzi zilizonyooka, ugawe kila upande kwa uwiano wa 7, 10 na 7, ondoa kona hadi kwenye alama hizo upate pande nane zilizo sawa, kisha pande kumi na sita, ndipo msasa. Waunda milingoti ya meli halisi walitumia uwiano huo huo.

Vile vibao vya duara vya matundu matatu, vinavyokazia kamba za mlingoti, ndiyo kazi maalumu ya mpingo. Kwenye meli halisi vilitengenezwa kwa mbao nzito na ngumu sana, na mpingo una uzito huo, huzama majini. Matundu matatu yaliyokaribiana hayapasuki, na rangi yake haihitaji kupakwa. Vipande vidogo vinavyotupwa na wachongaji wa vinyago, kwa mfano pale Mwenge, Dar es Salaam, vinatosha meli nyingi. Vaa barakoa unapousugua, vumbi lake huwasha pua na ngozi.

Mashua ndogo za uvuvi, dori, ziliwekwa moja ndani ya nyingine juu ya sitaha kama mabakuli. Zinafanana na zinapakwa rangi, kwa hiyo zimimine au zichape. Kwa ukubwa wa milimita 71 hata printa ya uzi inaweza, mradi ukubali kuziba mistari yake. Kabla ya kuagiza idadi yote, kumbuka kwamba kwenye rundo ni ya juu tu inayoonekana ndani. Za chini zinahitaji ukingo na ubavu wa nje. Chonga moja kwa uangalifu, mabenchi na makasia yakiwemo, na za chini ziwe maganda matupu.

Vishikizo vya kufungia kamba vitokane na vijiti vya mishikaki vya mianzi, vikizungushwa kwenye drili na kupewa umbo kwa tupa. Tanga, kama unaliweka, lisiwe la kitambaa cha marekani. Nyuzi zake ni nene mno kwa 1:64. Bafta nyembamba, iliyochovywa kwenye chai iliyopoa ili kupunguza weupe, inapendeza.

Kama boksi lako limepungukiwa na vingi kwa pamoja, mpangilio wa kazi uwe huu. Mwandikie mtengenezaji kwanza, kwa sababu kifurushi kitachukua muda wake njiani. Siku hiyo hiyo kata tawi la mpera na ulianike kivulini. Peleka vipimo vya gurudumu la usukani na winchi kwa mwenye printa ya rezini. Wakati unasubiri hivyo vyote, funga ubavu kwa mbao uliyonayo, upige msasa na rangi. Gofia, pete na vibao vya mpingo ni kazi ya mwisho, na hufanyika jioni mezani kwa taa nzuri, wakati mlingoti umekwisha kusimama na unaweza kujaribisha kila kipande mahali pake kabla ya kutengeneza cha pili.